Maswali ya Mteja wa Duka Dogo Mtandaoni

Biashara ndogo nyingi za Dar es Salaam, kuanzia wauza nguo wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, hadi waoka keki wanaofanyia kazi jikoni kwao, hufungua ukurasa wa Instagram na namba ya WhatsApp kabla ya kuwa na daftari la hesabu, na nyingi kati ya hizo huutumia mtandao kama kipaza sauti tu: bidhaa hupigwa picha, picha hupandishwa, kisha muuzaji hukaa akisubiri oda. Matumizi hayo yana faida yake, lakini yanaacha kando kitu ambacho kampuni kubwa hukitafuta kwa fedha nyingi, yaani utafiti wa soko, ambao ni kazi ya kujua wateja ni akina nani, wanahitaji nini na nini kinawazuia kununua. Mfanyabiashara mdogo hana fedha za kuajiri watafiti, ila wateja humwandikia wenyewe kila siku, bila malipo, yale ambayo mtafiti angeyafuata kwa dodoso.

Mfano wa muuzaji wa madera unatosha kulionyesha jambo hili. Chini ya picha moja ya dera la njano huweza kupangana maoni mengi yanayoonekana kufanana: bei gani, mpo wapi, la mtu mnene lipo, halichuji, mnatuma Mwanza. Muuzaji anayeyachukulia kama usumbufu wa kujibiwa upesi huyasahau jioni hiyohiyo, lakini anayeyaandika na kuyahesabu kwa muda wa mwezi mmoja huanza kuona sura ya soko lake. Swali la mtu mnene likijirudia, linaeleza kwamba mzigo uliofungwa haukuzingatia maumbo ya wanunuzi. Swali la kuchuja linatoka kwa mtu aliyewahi kuuziwa nguo iliyopoteza rangi ilipofuliwa mara ya kwanza, na hakuna maneno yatakayomtoa wasiwasi kama video fupi ya dera hilohilo likifuliwa. Anayeuliza kuhusu Mwanza anapiga hesabu ya bei pamoja na gharama na muda wa kutuma mzigo kwa basi, na ndiyo maana wateja wa mikoani huulizia nguo za Iddi mapema kuliko wa Dar es Salaam, ambao bodaboda huwafikia siku hiyohiyo. Na anayeandika "niwekee mpaka mwisho wa mwezi" amekwisha kusema kwamba anaishi kwa mshahara, kwamba nguo ameipenda, na kwamba kikwazo ni tarehe, hivyo muuzaji mwenye akili humpa nafasi ya kulipa kidogo kidogo badala ya kumpunguzia bei.

Ni vigumu kuelewa, kwa mtazamo huu, kwa nini mazoea ya kujibu "bei njoo inboksi" yamekita mizizi kiasi hiki. Sababu zinazotolewa zina uzito wake: muuzaji anahofu mshindani atashusha bei kwa shilingi elfu moja, anataka kubakiza nafasi ya kupatana kama ilivyo desturi ya sokoni, na wapo wanaoamini kwamba maoni mengi husaidia posti kuwafikia watu wengi zaidi. Hata hivyo hasara yake haionekani kwa macho, kwa kuwa mteja anayeona kero kuomba bei hupita kimya na hahesabiwi popote, huku maoni yaliyobaki yakijaa neno moja, "bei", lisilofundisha chochote. Bei ikiandikwa wazi, maswali hupungua idadi lakini huongezeka maana, kwani wanaouliza sasa wanauliza kuhusu kitambaa, saizi na usafiri.

Akaunti ya biashara ya Instagram humpa pia mwenyewe takwimu za ukurasa, yaani maelezo ya umri, jinsia na miji ya wafuasi pamoja na saa wanazokuwa mtandaoni, nazo zinafaa kwa kupanga muda wa kuposti, ingawa hazipaswi kuaminiwa kupita kiasi. Wafuasi si wateja: wengine ni ndugu na marafiki, wengine ni wauzaji wenzake wanaochungulia mzigo mpya, na kupenda picha hakugharimu kitu. Kura ya maoni ambayo muuzaji huwapigisha wafuasi ukurasani ina udhaifu huohuo, kwa sababu mtu huchagua rangi ya njano kwa kidole na kulipia nyeusi kwa fedha zake, hivyo kura ilinganishwe na oda zilizolipwa. Tena wapo wateja wazuri, hasa watu wazima, ambao hawaandiki maoni kabisa bali hupiga simu. Hao wataonekana tu wakiulizwa, wanapopokea mzigo, walilifahamu duka kupitia wapi.

WhatsApp hufanya kazi kwa namna nyingine, kwa kuwa huko mazungumzo hujengwa juu ya namba zilizohifadhiwa. Programu ya WhatsApp Business, iliyotoka mwaka 2018, ina katalogi ya bidhaa na lebo za kuwatenga wateja wapya, waliolipa na wanaodaiwa, lakini ujumbe unaotumwa kwa orodha ya watu wengi kwa mkupuo huwafikia wale tu waliohifadhi namba ya duka. Kwa hiyo ombi la "hifadhi namba yetu" lina thamani kubwa kuliko inavyodhaniwa, na mteja huliitikia akiahidiwa kitu cha kweli, kama kujua siku mzigo mpya unapofunguliwa.

Imani ndiyo nguzo ya biashara hii, kwa sababu wanunuzi wengi wamewahi kusikia au kuonja utapeli wa kulipia bidhaa isiyofika. Lalamiko lililoandikwa hadharani, likijibiwa hadharani kwa upole na kurekebishwa, huwasomesha wengine tabia ya muuzaji kuliko tangazo lolote, ilhali kulifuta huzidisha shaka. Wauzaji wengi hutafuta imani hiyo kwa kubandika picha za mazungumzo na wateja walioridhika, nao husahau kuficha majina na namba za simu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na hata pasipo sheria, mteja wa nguo za ndani au dawa za ngozi hana sababu ya kujikuta kwenye ukurasa wa duka bila kuulizwa.

Halafu ukurasa wenyewe si mali ya muuzaji. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja duniani kote kwa takriban saa sita, na nchini Uganda Facebook imefungiwa na serikali tangu Januari 2021. Muuzaji aliyenakili namba na oda za wateja wake nje ya programu hizo huweza kuwatumia ujumbe wa kawaida wa simu na kuendelea kupeleka mizigo. Asiyenakili hubaki na picha za bidhaa tu, bila kujua amuuzie nani.