Kisangani: tuwaonyeshe watoto mto wetu

Watoto wetu wanasoma habari za mto Kongo darasani, lakini wengi hawajasimama kwenye ukingo wake na mtu wa kuwaeleza. Siku ya mapumziko tuanzie Makiso, kwenye katedrali Notre-Dame du Rosaire, kando ya maji. Hapo tuwaeleze vita vya siku sita vya Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji wetu. Kisha tupande mto hadi kwa Wagenia, wavuvi wanaofunga vikapu vikubwa kwenye miti iliyosimamishwa katikati ya maporomoko. Hayo ni maarifa ya mababu. Maji pale yana nguvu: kila mama ashike watoto wawili tu, mkono kwa mkono. Tukirudi nyumbani, kila mtoto asimulie alichoona.