Mjane Akiolewa Tena

Babu amefariki na kuacha nyumba. Bibi amemaliza eda ya miezi 4 na siku 10, kisha ameolewa. Je, haki yake katika nyumba ile imekwisha? Wako wasemao imekwisha. Sisi twasema: la! Kurani Tukufu, Sura An-Nisaa aya ya 12, yampa mjane thumni mumewe akiacha watoto, na robo asipoacha, baada ya wasia na deni. Haki hiyo huthibiti siku ya mauti. Ndoa ya baadaye haiivunji.

Kanuni za mila zilizotangazwa Tanganyika mwaka 1963 zamnyima mjane fungu marehemu akiwa na jamaa wa ukoo. Basi Waislamu wa Mbaha, na wa mwambao wote wa Ziwa Nyasa, waigawe mirathi mapema kwa sheria ya dini yao, bibi asije akadhulumiwa.