Gasketi ya Hedi: Kwa Nini Hati ya Malipo Huipita Bei ya Gasketi



Si hati nyingi za malipo zinazozusha maneno katika mkutano mkuu kama hati ya kutengeneza injini ya lori. Mwanachama husimama akauliza: gasketi ni kipande chembamba ambacho mtu hukibeba kwapani; imekuwaje chama kilipe karibu mara 7 ya bei yake? Swali hilo ni la haki, maana fedha ni zake. Lakini aghalabu hujibiwa kwa ghadhabu badala ya hesabu, na meneja asiye na hatia hutoka mkutanoni akiitwa mwizi. Na pale ambapo mwizi yupo kweli, hupona, kwa kuwa hakuna aliyejua pa kumwuliza. Makala haya yamekusudiwa wajumbe wa bodi ambao hawakusomea ufundi, ili waweze kuisoma hati hiyo mstari kwa mstari.

Injini ya lori ina sehemu mbili kubwa: bloku iliyo chini, ambamo pistoni hupanda na kushuka, na hedi iliyo juu, yenye valvu. Gasketi ya hedi hulazwa katikati ya sehemu hizo mbili. Kazi yake ni kutenganisha vitu vitatu visivyopatana: moto wa silinda, oili ya kulainisha, na maji ya kupoza. Ikiungua hata kwa upana wa ukucha, moto huingia katika njia ya maji, au maji huingia katika oili, na injini huanza kujila yenyewe.

Gasketi haiungui bila sababu, na mara nyingi sababu ni injini kuchemka. Hedi ikipata joto kupita kiasi hutanuka na kupinda, hasa ile ya alumini, kwa kuwa alumini hutanuka takriban mara 2 zaidi ya chuma cha bloku. Injini nyingi ndogo hazivumilii mpindo unaozidi sehemu 1 ya 10 ya milimita, kiasi kisichoonekana kwa macho. Fundi hukipima kwa rula ya chuma iliyonyooka na vipimio vyembamba kama karatasi. Kwa hiyo gasketi mpya ikibanwa juu ya hedi iliyopinda, itaungua tena, na haitachukua muda mrefu.

Hapo ndipo gharama inapoanza kukua. Natuchukue mfano wa lori dogo la tani 3 au 4 lililolala Kilindoni, ambalo hedi yake imepelekwa kutengenezwa Dar es Salaam. Tarakimu hizi ni za kufundishia hesabu tu, wala si bei za soko. Kila chama kiweke za kwake. Gasketi ya hedi pamoja na gasketi ndogo zinazofuatana nayo, shilingi 120,000. Bolti mpya, 80,000, kwa kuwa katika injini nyingine bolti hutanuka zikikazwa na haziruhusiwi kutumika mara ya pili. Kupima nyufa na kusawazisha uso wa hedi kwa mashine, 90,000. Oili na chujio lake, 110,000, maana oili iliyoingiwa na maji haifai tena. Dawa ya maji ya rejeta, 40,000. Ujira wa fundi wa kufungua na kufunga, 250,000. Nauli ya mtu na mzigo kutoka Kilindoni hadi Nyamisati kwa chombo, kisha kwa barabara hadi Dar es Salaam na kurudi, pamoja na malazi, 130,000. Jumla ni shilingi 820,000. Gasketi yenyewe ni karibu sehemu 1 tu ya 7.

Sasa mjumbe mwenye nia njema huinuka na kusema: tuache safari ya Dar es Salaam na mashine, tubandike gasketi, lori liingie kazini. Ataokoa 220,000, na hati itasomeka 600,000. Ikiwa hedi haikupinda, amefaulu. Ikiwa ilipinda, baada ya muda mfupi hesabu yote ya 820,000 huanza upya, na chama kitakuwa kimetumia 1,420,000. Kwa maoni yangu kupima hedi si jambo la kujadiliwa kwa kura. Kipimo cha rula hakihitaji kuvuka bahari, na fundi akatae kufunga kabla hajaonyesha matokeo yake kwa maandishi.

Lipo pia fungu la gharama lisiloandikwa katika hati yoyote. Lori likilala siku 10 katika msimu wa korosho, nalo lililokodiwa mahali pake lalipwa shilingi 100,000 kwa siku, chama kimepoteza 1,000,000, yaani zaidi ya matengenezo yote. Sisi wa Mafia tunajua kwamba chombo hungoja maji yajae, na kusi ikivuma kwa nguvu safari huahirishwa. Kwa hiyo spea inayosahauliwa katika orodha ya kwanza ni hasara ya siku kadhaa. Kabla ya mtu kupanda chombo, namba ya injini iandikwe kikamilifu. Katika injini nyingi za dizeli gasketi ya hedi hutengenezwa kwa unene zaidi ya mmoja, ikitofautishwa kwa alama au vitundu pembeni. Anayenunua kwa kutaja jina la gari tu anaweza kurudi na isiyofaa.

Jambo linalozusha ugomvi zaidi ni kumkata dereva mshahara. Zipo bodi zinazoamua hivyo siku hiyo hiyo, kabla injini haijafunguliwa. Uamuzi huo ungoje. Aliyeendelea kuendesha hali mshale wa joto umefika katika nyekundu, ili tu afike Bweni kabla ya giza, anastahili kujieleza. Lakini kitabu cha safari kikionyesha kwamba aliripoti mara 3 kuwa maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja, naye akaambiwa avumilie mpaka msimu uishe, hatia imo ofisini. Kitabu kisichoandikwa hakimtetei yeyote, dereva wala meneja.

Dalili zenyewe si za siri. Maji hupungua kila asubuhi na chini ya gari ni pakavu. Moshi mweupe huendelea kutoka hata injini ikishapata joto. Mapovu huonekana katika rejeta injini ikinguruma. Oili katika kijiti cha kupimia hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Moja ya hizo yatosha lori lisimamishwe na fundi aitwe. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe ungali moto.

Hapa kisiwani yapo mambo mawili ya kuangaliwa zaidi. La kwanza ni maji. Maji ya visima vilivyo karibu na pwani aghalabu yana chumvi, na chumvi hula chuma na kuziba vijia vyembamba vya rejeta. Maji ya mvua yaliyokingwa kwa bati ni bora, yakichanganywa na dawa yake. La pili ni mchanga. Lori lililosheheni nazi likipita kwenye mchanga laini hutumia gia nzito kwa mwendo mdogo, injini hufanya kazi kubwa na upepo unaopita kwenye rejeta ni kidogo. Hapo rejeta iliyozibwa na vumbi na nyuzi za makumbi haina uwezo wa kupoza. Nao mtindo wa kung'oa themostati kila gari linapochemka uachwe: tatizo halisi hufichwa, na injini hufanya kazi ikiwa baridi mno.

Kazi ikiisha, gasketi ya zamani, bolti za zamani na karatasi ya kipimo cha hedi viletwe ofisini na vihifadhiwe pamoja na stakabadhi mpaka ukaguzi wa mwaka upite. Fundi aulizwe kama injini hiyo yahitaji bolti kukazwa tena baada ya mwendo fulani, na tarehe ya kuzikaza iandikwe. Kwa mwezi wa kwanza, dereva apime maji na oili kila asubuhi kabla ya kuwasha, na atie sahihi kitabuni.