Urafiki ni Zamu

Hapana askari asiyeifahamu zamu. Mwenzako hulala kwa kuwa wewe umekesha. Kesho utalala wewe, yeye atakesha. Hakuna anayeulizwa iwapo moyo wake unapenda. Akina mama wa Hai Malakal, katika mji wa Juba, wanaijua zamu hiyo bila ya kuvaa sare.

"Hai" kwa Kiarabu cha Juba maana yake ni mtaa, na mtaa huu una jina la mji wa Malakal, ulioko kaskazini kando ya Mto Nile. Mjini Juba akina mama walio majirani, wauza chai au waumini wa kanisa moja, huendesha chama wakiitacho sanduku. Kwetu ni upatu. Tuseme wako 10. Kila juma kila mmoja hutoa fungu lake, na mmoja huchukua yote: huyu hulipa karo, yule hununua mkaa na sukari ya biashara. Mmoja akifiwa, wenzake humpisha.

Chama hicho hakina hati wala wakili. Anayechukua kwanza amekopeshwa na wenzake 9. Wa mwisho amewakopesha wote. Dhamana ni kuaminiana tu. Basi ikilia bunduki, kama ilivyolia Juba tarehe 15 Desemba 2013 na tena Julai 2016, mmoja hukimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa, mwingine huvuka mpaka kuingia Uganda, na huenda waume zao wako pande mbili za vita. Hapo ndipo urafiki hupimwa. Mama anayerejea baada ya miaka na kubisha hodi kwa mwenzake, hata kama mikono ni mitupu, ameripoti zamuni.

Wazo hili si la Juba pekee. Tarehe 17 Machi 1842, huko Nauvoo, Marekani, wanawake wa Kanisa la Mormoni waliunda Muungano wa Usaidizi wa Akina Mama. Hadi leo kila mmoja hupangiwa wenzake wa kuwaangalia. Mwanzo ni agizo. Lakini waliotembeleana katika uzazi, ujane na uzee hawangoji tena kuagizwa.

Wahenga walinena: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Dhiki nayo haitoi taarifa, hivyo hapana budi zamu ipangwe mapema. Ndugu askari, yule uliyelala naye bweni moja depo, ambaye sasa amestaafu au anaugua, lindo lake amelishika nani?