Luteni Uhura na kesho ya jana: jinsi tamthilia za anga za juu zinavyobeba miaka yake

Septemba 8, 1966, watazamaji wa televisheni nchini Marekani walionyeshwa chombo kikubwa kikisafiri kati ya nyota, karibu miaka 300 mbele. Ndani ya chombo hicho, kwenye meza ya mawasiliano, aliketi mwanamke mweusi mwenye cheo cha luteni. Jina lake lilikuwa Uhura.

Msikilizaji wetu hahitaji mkalimani kujua jina hilo limetoka wapi. Tamthilia yenyewe ni Star Trek, iliyotungwa na Gene Roddenberry, na mwigizaji ni Nichelle Nichols. Nichols alisimulia kwamba siku ya majaribio alikuwa ameshika riwaya iliyoitwa Uhuru, ya Mmarekani Robert Ruark, iliyohusu Kenya. Roddenberry alilipenda neno hilo, na mwisho wake ukalainishwa ili lifae kuwa jina la mwanamke. Katika hadithi, Uhura ni mtu wa Afrika, na kuna vipindi viwili vya miaka hiyo ambamo Kiswahili kinasikika kabisa.

Kwa nini Kiswahili, na kwa nini mwaka ule? Tazama kalenda. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 1961, Uganda Oktoba 1962, Kenya Desemba 1963. Neno "uhuru" lilikuwa limeenea magazetini duniani kote. Huko Marekani kwenyewe, watu weusi waliokuwa wakidai haki zao walianza kuitazama Afrika kwa fahari. Mwaka huohuo wa 1966 ndipo Maulana Karenga alipoanzisha sikukuu ya Kwanzaa, ambayo jina lake limetokana na maneno "matunda ya kwanza".

Kwa hiyo jina la mtu wa karne ya 23 limebeba mhuri wa mwaka 1966. Na hilo ndilo jambo tunalotaka kulieleza leo: hadithi ya kesho huandikwa na mtu wa leo, kwa hofu na matumaini ya leo. Tamthilia ikidumu miaka mingi, inageuka kuwa kumbukumbu ya miaka hiyo yote.

Chombo kimoja, mataifa yaliyogombana

Miaka ya 1960 ilikuwa miaka ya Vita Baridi. Marekani na Umoja wa Kisovyeti walielekezeana makombora ya nyuklia, na watu wengi waliogopa kwamba dunia ingeteketea. Star Trek ilijibu hofu hiyo kwa njia rahisi: ilionyesha kwamba binadamu bado wapo miaka 300 baadaye, na wanafanya kazi pamoja.

Mwaka 1967 chombo hicho kilipata ofisa mpya, kijana Mrusi aitwaye Chekov. Mrusi huyo alikuwa mwenzao, wakati ambapo kwenye taarifa ya habari Warusi walikuwa maadui. Msukani wa chombo alikuwa Sulu, aliyeigizwa na George Takei. Takei ni Mmarekani mwenye asili ya Japani, na alipokuwa mtoto, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, aliwekwa kambini na serikali ya Marekani pamoja na wazazi wake kwa sababu ya asili yao tu.

Vita vya Vietnam navyo viliingia. Katika kipindi kimoja cha mwaka 1968, mataifa mawili makubwa ya angani yanawapa silaha wanakijiji wa sayari ndogo ili wapigane wao kwa wao. Mtazamaji wa wakati ule aliielewa fumbo hiyo bila kuambiwa.

Januari 1969 kilitoka kipindi kuhusu watu wawili wanaochukiana hadi kufa. Uso wa kila mmoja ni mweusi nusu na mweupe nusu. Tofauti yao ni kwamba mmoja ana weusi upande wa kulia na mwingine upande wa kushoto. Miezi tisa kabla, Martin Luther King alikuwa ameuawa kwa risasi. Ujumbe huo ulieleweka.

Hapa ndipo unapoona faida ya hadithi za anga za juu. Mwandishi akisema wazi kwamba nchi yake inakosea, huenda wakubwa wa kituo wakamzuia. Akisema "kulikuwa na sayari moja ya mbali", anaruhusiwa kupita. Wazee wetu walifanya vivyo hivyo na hadithi za sungura na fisi.

Yale ambayo hawakuyaona

Mtu anayewaza kuhusu kesho haachi macho yake ya leo. Star Trek ile ya kwanza ilimweka mwanamke mweusi kwenye chumba cha usukani, lakini mara nyingi kazi yake ilikuwa kupokea simu na kumwambia nahodha kwamba njia za mawasiliano ziko wazi. Wanawake wa chombo walivaa magauni mafupi mno. Katika kipindi cha mwisho, Juni 1969, mwanamke mmoja analalamika kwamba wanawake hawaruhusiwi kuwa manahodha wa vyombo vya nyota. Majuma machache baadaye binadamu alikanyaga mwezi kweli.

Nichols mwenyewe alitaka kuacha baada ya msimu wa kwanza. Alisimulia mara nyingi kwamba aliyemzuia ni Martin Luther King, aliyekutana naye kwenye hafla na kumweleza kuwa anatazama kipindi hicho na familia yake. King alimwonyesha kwamba, kwa mara ya kwanza, Wamarekani walikuwa wakimwona mweusi mwenye elimu na cheo, asiye mtumishi wa mtu. Nichols akabaki.

Hata vifaa vinaonyesha umri. Maofisa wa Star Trek walibeba kidude cha mkononi cha kufunua na kuzungumzia, na simu za kukunja zilizotoka miaka ya 1990 zilifanana nacho. Lakini kile cha nahodha kilikuwa cha sauti tu. Hakikuonyesha picha wala kutuma pesa. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007, simu ya mkulima wa kijijini imekuwa na kazi ambazo simu ya nahodha wa karne ya 23 haikuwa nazo.

Adui naye hubadilika

Ukitaka kujua tamthilia imetengenezwa lini, angalia adui ni nani.

Star Trek ya kwanza ilikuwa na Waklingoni, wapiganaji wakali wa dola hasimu. Wengi waliwaona kama picha ya Wasovyeti. Tamthilia mpya ilipoanza mwaka 1987, Mklingoni mmoja tayari alikuwa ofisa ndani ya chombo cha binadamu. Desemba 1991 ikatoka filamu ambamo Waklingoni wanapata ajali kubwa ya nishati, wanaishiwa nguvu, na inabidi wafanye amani na maadui wao wa zamani. Ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl ilitokea mwaka 1986, na ukuta wa Berlin ulianguka mwaka 1989. Mwezi uleule filamu ilipoingia kwenye kumbi za sinema, Umoja wa Kisovyeti ulivunjika.

Kisha yakaja mashambulizi ya Septemba 11, 2001 huko Marekani. Msimu wa Star Trek wa mwaka 2003 ulijengwa juu ya shambulio la ghafla lililoua mamilioni ya watu duniani, na nahodha akaondoka kuwasaka waliohusika. Ndani ya msimu huo anamtesa mateka ili aseme. Nahodha wa mwaka 1966 na huyu wa 2003 wanavaa alama ya jamii moja ya vipindi, lakini kila mmoja ni mtoto wa wakati wake.

Na si maadui tu waliobadilika. Mwaka 1993 kamanda mweusi, aliyeigizwa na Avery Brooks, aliongoza tamthilia. Mwaka 1995 nahodha alikuwa mwanamke. Kile ambacho mwaka 1969 kilisemwa hakiwezekani kilikuwa sasa ndicho kichwa cha tamthilia.

Tarehe zikifika

Tamthilia ikiishi muda mrefu inapata tatizo lingine: kesho yake inafika. Mwaka 1967 Star Trek ilisema kwamba miaka ya 1990 kungekuwa na vita vikubwa vya watu waliozalishwa kwa sayansi ili wawe bora kuliko wengine. Miaka ya 1990 ilikuja na kupita bila vita hivyo, na waandishi wa baadaye wamelazimika kutunga sababu za kuvisogeza mbele.

Safari nyingine kubahatisha kwao kulikaribia ukweli. Kipindi cha Januari 1995 kilionyesha mji wa San Francisco mwaka 2024, watu wasio na kazi wala makazi wakiwa wamefungiwa mitaa yao nyuma ya kuta. Kuta hizo hazikujengwa. Lakini mwaka 2024 ulipofika, maelfu ya watu walikuwa wakilala nje katika mji huohuo. Waandishi hawakuwa manabii. Walitazama watu waliokuwa wakilala barabarani wakati ule, wakajiuliza: je, tukiendelea hivi?

Daktari aliyezaliwa Kigali

Uingereza nayo ina tamthilia yake kongwe zaidi, Doctor Who, ya shirika la BBC. Ilianza Novemba 23, 1963, siku moja baada ya Rais Kennedy wa Marekani kuuawa. Inamhusu msafiri wa nyakati anayeitwa Daktari. Maadui wake maarufu, Dalek, walitokea Desemba mwaka huohuo. Ni viumbe ndani ya vyuma, wanaotaka kuua kila asiye kama wao. Ilikuwa miaka 18 tu tangu vita dhidi ya Hitler viishe, na Waingereza waliowatazama walijua wanakumbushwa nani.

Mwaka 1966 mwigizaji mkuu, William Hartnell, alidhoofika kwa ugonjwa. Waandishi wakapata njia ya ajabu: Daktari akikaribia kufa, anageuka mtu mwingine na kuendelea. Ndiyo sababu tamthilia hiyo bado iko hai. Ilisimamishwa mwaka 1989, ikarudi mwaka 2005. Kila mwigizaji mpya anaonyesha nchi ya wakati wake. Mwaka 2018 Daktari alikuwa mwanamke, Jodie Whittaker. Kisha akaja Ncuti Gatwa, aliyezaliwa Kigali mwaka 1992 na kulelewa Uskoti baada ya familia yake kukimbia mauaji ya kimbari ya 1994. Mwaka 1963 hakuna aliyewaza kwamba nafasi hiyo ingefika kwa mtoto wa Rwanda.

Afrika imeingia katika habari za Doctor Who kwa njia nyingine pia. Zamani kanda zilikuwa ghali, na BBC ilifuta vipindi vingi vya miaka ya 1960 kwa kudhani hakuna atakayevitaka tena. Lakini nakala zilikuwa zimeuzwa kwa vituo vya nchi nyingi. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba sehemu 9 zilizopotea zimepatikana katika mji wa Jos, Nigeria, ndani ya kituo cha televisheni. Kilichotupwa London kilikuwa kimehifadhiwa Afrika. Kama nyumbani una kanda za redio za zamani, usiharakishe kuzitupa.

Inatuhusu nini sisi?

Siku hizi tamthilia hizi zinatufikia kwenye simu na mabanda ya video, mara nyingi vipande vipande, bila kuambiwa ni za mwaka gani. Kijana anaweza kuona nahodha mwanamume mweupe anaongoza kila kitu, akadhani ndivyo kesho ilivyo. Kumbe ndivyo mwaka fulani ulivyokuwa, mahali fulani. Ukitazama, jiulize mambo matatu. Imetengenezwa lini? Adui ni nani? Na nani hayumo kabisa?

Swali la tatu lina uzito. Mae Jemison alikuwa msichana mdogo Chicago alipomwona Uhura. Septemba 1992 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kwenda anga za juu, na amesema wazi kwamba Uhura alimtia moyo. Nichols mwenyewe, kuanzia mwaka 1977, alifanya kazi na shirika la anga la NASA kuwahimiza wanawake na watu weusi waombe kuwa wanaanga. Alifariki Julai 2022.

Uhura bado anaendelea. Filamu ya mwaka 2009 ilimpa rasmi jina la kwanza: Nyota. Tamthilia iliyoanza mwaka 2022 inamwonyesha akiwa kijana kutoka Kenya, mjuzi wa lugha nyingi. Mwaka 1966 ilitosha kusema "Afrika". Sasa watazamaji wanataka kujua ni Afrika ipi, na mtu huyo anazungumza lugha gani nyumbani kwao.

Hata hivyo, kalamu iliyomwandika Nyota Uhura mwaka 1966 na mwaka 2022 ni ya Marekani. Kama kijijini kwako kuna kijana anayetunga hadithi za anga za juu kwenye daftari la shule, mwombe akusomee. Utajua anawaza nini kuhusu kesho, na utajua zaidi anaishije leo.