Mbio za Barafuni, Mpinzani ni Saa

Ukiwauliza Wakenya wanaikumbukaje Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi iliyofanyika Nagano, Japani, mwaka 1998, wengi watakutajia jina moja: Philip Boit. Ndiye Mkenya aliyeshindana katika mbio za kuteleza kwenye theluji za kilomita 10 akamaliza wa mwisho, na bingwa wa siku hiyo, Bjørn Dæhlie wa Norway, akamngoja mwisho wa njia ili amkumbatie.

Siku nane baadaye, tarehe 20 Februari, zilifanyika huko huko Nagano mbio nyingine ambazo ningependa tuziangalie juma hili. Zilikuwa mbio za wanawake za mita 5,000, za kuteleza juu ya barafu kwa viatu vyenye vyuma vyembamba chini ya nyayo. Nimezichagua kwa sababu ya swali ambalo mtu akiitazama michezo hii kwenye televisheni kwa mara ya kwanza hakosi kuliuliza: mbona wanashindana wawili wawili, ilhali medali ya dhahabu ni moja?

Jibu ni kwamba hawa wawili hawashindani wao kwa wao tu. Kila mmoja anashindana na saa. Uwanja wa barafu una mzunguko wa mita 400, na umegawanywa njia mbili, ya ndani na ya nje. Ya ndani ni fupi kwenye kona, kwa hiyo wateleza hubadilishana njia kila mzunguko, na anayetoka nje kuingia ndani ndiye mwenye haki ya kupita kwanza. Wakimaliza mizunguko 12 na nusu, muda wao huandikwa, na jozi nyingine huingia. Mshindi hujulikana baada ya jozi zote kumaliza.

Sisi tuliozoea riadha huona ajabu. Katika mita 5,000 za uwanjani, mkimbiaji mjanja hujificha nyuma ya wenzake, huwaacha wapigwe na upepo, kisha kengele ya mwisho ikilia hufyatuka. Barafuni ujanja huo haupo. Ukipumzika mzunguko mmoja ukidhani utafidia mbele, saa haikungoji. Na mwendo wenyewe si haba. Mwaka 2025 Beatrice Chebet wa Kenya aliweka rekodi ya dunia ya mita 5,000 kwa dakika 13 na sekunde 58.06. Wanawake wa Nagano waliumaliza umbali huo huo kwa takriban nusu ya muda huo.

Sasa tuingie ukumbini. Gunda Niemann-Stirnemann wa Ujerumani alikuwa amekwisha nyakua dhahabu ya mita 3,000 katika michezo hiyo hiyo. Alipoteleza mita 5,000, saa ilisimama kwenye dakika 6 na sekunde 59.65. Hakuna mwanamke aliyewahi kuumaliza umbali huo chini ya dakika 7. Rekodi yake mwenyewe ya mwaka 1994 ilikuwa dakika 7 na sekunde 3.26.

Lakini kazi yake ilipokwisha, mbio zilikuwa hazijakwisha. Baadaye aliingia Mjerumani mwenzake, Claudia Pechstein, ambaye mwaka 1994 alimshinda Gunda katika mbio hizi hizi kwa tofauti ya nusu sekunde. Safari hii alitumia dakika 6 na sekunde 59.61. Hesabu mwenyewe: tofauti ni sekunde 0.04. Kwa kasi waliyokuwa nayo, hiyo ni kama nusu mita, katika safari ya kilomita 5. Aliyepata shaba, Lyudmila Prokasheva wa Kazakhstan, alikuwa nyuma yao kwa zaidi ya sekunde 11.

Wako watakaosema siri ilikuwa viatu. Ni kweli kwamba wakati huo viatu vipya vilikuwa vimeenea, ambavyo chuma chake kimefungwa kwa bawaba mbele tu, na kisigino huachana nacho mteleza anaponyosha mguu. Hivyo chuma hukaa juu ya barafu muda mrefu zaidi na kumsukuma zaidi. Wanawake wa Uholanzi ndio walioonyesha faida yake katika msimu wa 1996 na 1997. Viatu hivyo vinaeleza kwa nini rekodi zilianguka. Haviwezi kueleza sekunde 0.04 kati ya wanawake wawili waliovivaa wote.

Basi Gunda aliipoteza wapi dhahabu yake? Ukiigawa ile nusu mita kwa mizunguko 12 na nusu, utapata sentimita 4 kwa kila mzunguko, upana wa vidole viwili. Labda aliingia kona moja kwa upana kidogo. Labda mguu ulichelewa kugusa barafu mwanzoni kabisa. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba; hapa kibaba kilipungua kwa haba hizo hizo, wala hakuna jicho lililoziona.

Kwa maoni yangu, utaratibu huu ni wa haki kwa sababu hakuna wa kukuziba njia wala wa kukukinga upepo. Lakini una ukali wake. Mkimbiaji wa uwanjani humwona anayempita, akapata nafasi ya kujibu. Gunda alipitwa akiwa amekwisha vuka mstari, na hakuwa na mguu wa kuongeza.

Kwa hiyo siku utakapowaona wawili wakiteleza, usimtazame tu aliye mbele. Itazame saa, na umkumbuke wa tatu ambaye hayumo barafuni, anayesubiri kujua kama muda wake utasimama.

Hadi juma lijalo, kwaherini.