Filme ya Jadotville: jina ni yetu, udongo si yetu

Kusema kweli, siku tuliposikia ya kama kule Bulaya wametengeneza filme juu ya Likasi, tulifurahi kama watoto. Jina lake ni « The Siege of Jadotville ». Ilitoka mwaka 2016, na Netflix njo iliipeleka dunia nzima. Jadotville ni sisi. Mji wetu uliitwaka kwa jina la Jean Jadot, mkubwa wa Kibelgiji aliyekuwa kati ya waanzishi wa Union Minière, mpaka wakati wa Mobutu ulipopata jina lake la sasa.

Tuliketi usiku mbele ya televizio, jamaa nzima, pamoja na wazee wawili wa jirani waliokuwa watoto mwaka 1961. Kila mtu alikuwa anatafuta kitu chake. Mmoja anatafuta Shituru, mwingine Panda. Mama mmoja anasema labda tutaona hata njia ya reli. Dakika zikapita. Milima si yetu, miti si yetu, hata vumbi si ile vumbi yetu nyekundu inayoingia mpaka mu sahani. Mwishoni mzee mmoja akauliza: « Sasa, Likasi iko wapi? »

Likasi haikuwa pale. Filme ilipigwa Afrika Kusini.

Tangu usiku ule swali la mzee linatufuata. Sisi ni wapenzi wa sinema wa zamani. Tunaona filme za kale na za leo, ku televizio, ku simu, ao mu chumba cha video wakati umeme uko. Leo tunataka kusema bila kuficha: filme gani zinatujua, na zipi zinatumia jina letu tu.

MAASKARI WA IRLANDI

Tusiseme uongo, filme ya Jadotville ni nzuri kuona. Richie Smyth, aliyeiongoza, anajua kuonyesha vita: unasikia kiu, unahesabu risasi pamoja na maaskari. Na habari yenyewe ni ya kweli. Tarehe 13 Septemba 1961, asubuhi, maaskari wa Irlandi zaidi ya 150, waliotumwa na ONU, walishambuliwa wakati wengi wao walikuwa mu misa. Mkubwa wao, Pat Quinlan, ambaye mu filme ni Jamie Dornan, alikuwa amewaambia mapema wachimbe mashimo ya kujificha. Walipigana mpaka tarehe 17. Wenzao waliotoka Élisabethville kuwasaidia walikwama ku daraja la Lufira. Maji yakaisha, risasi zikaisha, wakajitoa mu mikono ya maaskari wa Katanga. Hakuna hata mmoja wao aliyekufa mu vita ile.

Walipofika kwao, hawakupewa shukrani. Kujitoa kwao kulihesabiwa kama aibu, wakanyamaza miaka mingi. Quinlan alikufa mwaka 1997 bila kuona heshima yake inarudishwa. Ni mwaka 2017 tu, miaka 56 nyuma ya vita, nchi yao iliwapa medali wale waliobaki, pamoja na jamaa za waliokufa.

Hapo filme inatugusa. Mu Likasi tunajua maana ya mtu kufanya kazi yake yote vizuri, kisha kurudi nyumbani bila neno la asante. Mwaka 2003, wakati wa « départ volontaire », watu zaidi ya 10,000 waliacha kazi mu Katanga. Wengi wameisha kufa, na mu nyumba nyingi neno lile lingali linauma. Mke wa askari wa Irlandi na mke wa mfanyakazi wa shimoni, wakikutana, wangesikilizana bila mtafsiri.

Lakini filme haikuwakutanisha. Mu Jadotville ya 1961 kulikuwa makambi yenye watu maelfu, kulikuwa watoto wa masomo, kulikuwa wamama ku soko, kulikuwa viwanda. Mu filme watu hao hawako. Mazungumzo ni ya wazungu na wazungu. Weusi wanaopata jina ni wakubwa wa siasa, kama Tshombe. Wengine karibu wote wanakimbia na bunduki, kisha wanaanguka. Hakuna anayeuliza: siku zile tano, wenyeji walikunywa maji wapi? Nani aliogopa kwenda ku kazi, na nani alienda?

UDONGO NJO KOSA?

Mara ya kwanza tulisema kosa ni kupiga filme mahali pengine. Na mifano haikosekani. « La Légion saute sur Kolwezi » ya Raoul Coutard, ya mwaka 1980, inaeleza habari za Mei 1978 wakati maparakomando wa Ufaransa walishuka Kolwezi. Ilipigwa Guyane, ngambo ya bahari. Kolwezi ile ina miti ya Amerika. Na « Lumumba » ya Raoul Peck, ya mwaka 2000, ilipigwa Zimbabwe na Msumbiji, wakati kwetu kulikuwa vita. Kila mara tunaposafiri kwenda Lubumbashi tunapita karibu na Shilatembo, pale Lumumba, Mpolo na Okito waliuawa tarehe 17 Januari 1961. Ile njia yetu, Peck hakuweza kuipiga.

Lakini filme ya Peck tunaipenda. Tuliiona mara nyingi, na kila mara nyumba inanyamaza. Eriq Ebouaney, anayecheza Lumumba, hakuzaliwa Kongo, lakini akisema tunasikia mtu, hatusikii sanamu. Basi udongo peke yake si kosa. Tulipaswa kufikiri tena.

Kwa kufikiri tena, tulirudi ku filme za kale. Vijana wetu wanazikimbia kwa sababu hazina rangi na hazina mlio mkubwa. Wanakosa. Kwa mfanyakazi wa mine na jamaa yake kuna mbili tunazoweka mbele ya zote.

Ya kwanza ni ya John Ford, ya mwaka 1941. Kwa Kifaransa inaitwa « Qu'elle était verte ma vallée ». Ni habari ya jamaa moja ya wachimbaji wa makaa ya mawe kule Wales, Uingereza. Siku ya mshahara, baba na wana wake wanarudi weusi kwa vumbi la mine, na mama anakaa mlangoni na aproni yake. Kila mmoja anapita, anaangusha feza mu aproni ya mama, kisha anaenda kuoga. Hakuna anayehesabu mbele yake. Baba ao mama gani wa Likasi ataona ile na hatakumbuka kitu? Kisha mshahara unapunguzwa, wana wanagombana na baba juu ya grève, wengine wanahama nchi. Na juu ya kijiji, kidogo kidogo, taka za mine zinapanda na kufunika majani mabichi. Sisi tunaoishi karibu na vilima vya taka za viwanda, hatuhitaji kuelezwa.

Sasa sikilizeni: ile Wales ilijengwa California, Marekani, juu ya vita. Wengi wa wachezaji hawakuwa watu wa Wales. Udongo haukuwa wa kwao, lakini aproni ilikuwa ya kweli.

Ya pili ni « Le Salaire de la peur » ya Clouzot, ya mwaka 1953. Kisima cha mafuta kinaungua, na kampani inataka nitrogliserini ifike pale kwa njia mbovu, mu malori mawili. Kampani haitume madereva wake. Inachagua watu wanne wasio na kazi, wasio na jamaa karibu, wasio na sendika: wakilipuka, hakuna atakayekuja kulia ku mlango wa biro. Filme inasema Amerika ya Kusini, lakini ilipigwa Ufaransa. Saa mbili na zaidi unashika kiti na mikono yote mbili. Mwenye kuonaka malori ya asidi yanapishana na mabasi ku njia ya Kolwezi atajua woga ule ni woga gani.

Tangu hapo tunapima filme kwa njia nyingine. Hatuulize kwanza ilipigwa wapi. Tunauliza: mwenye kutengeneza filme alijua kazi ya watu hawa? Alijua mshahara wao unaingia mu mkono wa nani, na hatari ni ya nani?

ZILE ZILIZOFIKA KWETU

Mu filme za leo, ile inayoshinda zote kwetu ni « Makala ». Mfaransa Emmanuel Gras aliipiga karibu na Kolwezi, na mwaka 2017 ilipata zawadi kubwa ya Semaine de la Critique kule Cannes. Habari yake inaelezwa kwa maneno machache. Kijana anayeitwa Kabwita anaangusha muti mkubwa kwa shoka, anauchoma ndani ya udongo, anapata makala. Anapanga mifuko ku kinga yake mpaka kinga haionekane tena, kisha anaisukuma kilometa 50 mpaka mjini. Anatafuta feza za malata ya nyumba anayoota kumujengea mke wake. Malori yanapita na kumfunika vumbi. Ku barrière wanamukamata feza. Ku soko wamama wanamubishia bei.

Wanasema Kiswahili, kile cha kwetu. Maandishi yaliyo chini ya picha ni kwa ajili ya wengine, si kwa ajili yetu. Kinga za makala tunaziona kila asubuhi na hatuzitazame. Filme ile ilitufanya tutazame. Siku ya pili yake, tulipokutana na mwenye makala ku mupando, tulisimama na kusukuma naye mpaka juu.

Tuna neno moja la kugombana na Gras. Yeye yuko nyuma ya mashini yake, mtu anateseka mbele yake, naye anaendelea kupiga picha. Wengine mu nyumba yetu walikasirika: mbona hasukume? Wengine wakajibu ya kama angesukuma, sisi tungeona uongo. Tulibishana mpaka bukari ikapoa.

Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi na kukomaa Ubelgiji, alitoa « Augure » mwaka 2023, na Cannes walimupa zawadi ya sauti mpya. Alipiga Kinshasa na Lubumbashi. Kwa maoni yetu rangi ni nyingi na habari ni nyingi, mara mtu anapoteza njia. Lakini ndani yake kuna kitu kimoja tunachokijua: kijana anarudi kutoka Bulaya kumuonyesha baba mke wake, na baba ni mtu wa mine, anangojewa, anangojewa, haonekane. Ni watoto wangapi wa Katanga walikomaa na baba wa namna ile, baba ambaye jibu lake ni « eko ku kazi » tu?

Na kuna ile iliyotuumiza kuliko ya Jadotville. « Oppenheimer » ya Christopher Nolan, ya mwaka 2023, ilipata Oscar saba. Ni kazi ya fundi mkubwa, hatubishe. Kwa kuonyesha uranium inavyokusanywa, wanaangusha vigololi vya kioo mu chombo, kimoja kimoja, mpaka kinajaa. Lakini vigololi havikutoka mu kioo. Uranium ya bomu la Hiroshima, sehemu yake kubwa ilitoka Shinkolobwe, karibu kilometa 20 kutoka hapa. Mwaka 1940 Union Minière ilikuwa imeisha kupeleka New York tani zaidi ya 1,200 za mawe yale. Kuna mikono iliyoyachimba na migongo iliyoyabeba. Mu saa tatu za filme, Shinkolobwe haionekane hata mara moja.

WAZEE WAKINGALI HAI

Hatuandiki haya juu ya kulia. Wazungu wa Irlandi walieleza habari ya Wairlandi, ni haki yao. Wamarekani walieleza habari ya Mumarekani. Anayepaswa kueleza habari ya Likasi ni nani, kama si Likasi? Kule Lubumbashi, kundi la Mufwankolo lilionyesha zamani ya kama maisha yetu, kwa Kiswahili chetu, inaweza kujaza watu mbele ya televizio. Kitu tunachokosa si habari.

Kitu tunachokosa ni wakati. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1961 leo amepita 70. Mwenye kuonaka Shituru ikifanya kazi usiku na mchana, naye nywele ni nyeupe. Wakienda, filme za wengine njo zitabaki kuwa ukumbusho wetu, na wajukuu watafikiri mji wao ulikuwa jangwa lenye maaskari.

Simu iko mu kila nyumba, na simu inapiga filme. Jumapili nyuma ya misa, wekeni mzee ku kiti, mahali penye mwanga, mbali na redio. Muulize alianza kazi siku gani na aliogopa nini. Muulize mshahara wa kwanza alimpa nani. Muulize ile Septemba ya 1961 alikuwa wapi. Kisha munyamaze, mumuache aseme.

Sisi tumeisha kuanza, na yule mzee wa jirani. Ni dakika 40 tu. Picha inatetemeka, kuku wanalia, katikati mtoto anapita na ndoo. Anaeleza mama yake alivyowafungia ndani, na wapi walienda kuchota maji kabla jua halijatoka. Alipofika hapo alisimama, akanyoosha mkono kuonyesha mahali penyewe, nasi tukageuza simu: njia ilikuwa pale, na vumbi yake nyekundu.